Bastola ya Mama Valentina

Vidole vitatu. Hapo ndipo tulipomwacha Serah Alhamisi ile, msomaji. Saa saba mchana, amesimama na gauni la kulalia katikati ya fleti yake huko New Hope, mlango umefunguliwa kwa ufunguo kutoka nje, mnyororo umekaza, na vidole vitatu vya mwanamume vimepenya kwenye upenyo.

Havikuwa na glavu. Januari ya Minnesota, mate yanaganda kabla hayajafika chini, na vidole vile vilikuwa vitupu, vimepauka kama vimepakwa jivu.

Serah alifungua kinywa aliite jina la Yesu. Jina halikutoka. Chumbani feni ilikuwa inanguruma, ile feni anayoiwasha kila mchana hata kwenye theluji, ili kelele za majirani zisimwibie usingizi. Anafanya kazi usiku katika nyumba ya wazee, na mchana ndio usiku wake.

Vidole vikajiondoa.

Mlango ukarudishwa, taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Kisha ufunguo ukazunguka tena. Krr. Umefungwa.

Serah akarukia tundu la mlangoni. Aliona mgongo tu. Koti jepesi la kijivu, la mvua, likishuka ngazi. Basi.

Alikaa pale chini sakafuni mpaka miguu ikafa ganzi. Angemwita nani? Elkanah, mumewe, ana miezi minane kaburini. Valentina, binti yao wa pekee, yuko Chicago, na ukimpigia kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza, haraka haraka, kama mtu aliyeacha gari linawaka.

Akampigia Jeptoo.

* * *

Jeptoo ni mwenzake wa kazini, Mkenya kama yeye, mama mnene mwenye gari bovu na mdomo mzima. Alifika kabla ya polisi aliowaita. Polisi nao walikuja wawili, wakatazama kitasa, wakaandika, wakasema hakuna kilichovunjwa. Ofisi ya jengo ikasema fundi wa vitasa atakuja wakimpata.

"Wakimpata!" Jeptoo alisema. "Huyo mwizi yeye hakungoja apatikane. Mama Valentina, sikiza. Hapa si kwenu Wundanyi. Hapa hakuna mtu atatoka na panga ukipiga nduru. Jirani yako atafunga dirisha. Tukutafutie bastola."

"Bastola! Mimi? Mwimbaji wa kwaya?"

"Kwani kwaya imekatazwa kuishi?"

Serah alicheka kidogo. Aliutazama ule mnyororo. Ulikuwa mwembamba kama wa saa ya mfukoni.

"Mungu atanilinda," alisema.

"Atakulinda. Na mlango unafunga kila siku, sivyo? Ni mambo mamoja."

Sheria za pale hazimwachii mgeni wa silaha kuingia dukani na kutoka nayo tu. Kuna fomu ya kujaza polisi, halafu unangoja kibali siku saba. Serah alijaza kwa herufi kubwa kubwa, ulimi ukichungulia pembeni ya mdomo, jinsi alivyofundishwa darasa la saba. Palipoandikwa idadi ya watu nyumbani, kalamu ilisimama. Akaandika moja.

Siku saba hizo, msomaji, usiombe. Alilala kiti kimeegeshwa mlangoni. Alikula amesimama. Hakuna aliyegonga. Enzi za Elkanah mlango ule haukupumzika. Kila mwanafunzi aliyetua kutoka Afrika Mashariki, awe wa Kisii au wa Bukoba, kituo chake cha kwanza kilikuwa pale, na chungu cha wali hakikushuka jikoni. Baada ya mazishi walikuja mwezi mmoja. Halafu kila mtu akakumbuka shifti zake.

Sasa nikwambie jambo ambalo Jeptoo halijui.

Pembeni mwa kitanda, upande wa Elkanah, kuna mashine ya kupokea simu. Sauti yake bado imo. Serah hajawahi kuifuta. Kazini, wakati wa mapumziko, wenzake wakienda kunywa kahawa, yeye huenda kwenye simu ya ukutani na kupiga nyumbani kwake mwenyewe. Inalia mara nne. Kisha anamsikia mumewe. Akisha kumsikia anaweka simu, anafuta macho, anarudi kuwageuza wazee vitandani.

Ile mashine ina taa nyekundu inayopepesa kuonyesha kuna watu wameacha maneno. Imepepesa miezi minane. Serah haigusi. Valentina alimwambia kitufe kimoja kinasikilizisha na kingine kinafuta, na hakumbuki kipi ni kipi.

* * *

Kibali kilikuja kwa posta Jumamosi asubuhi. Saa tano wakawa Burnsville, kwenye duka refu lililo katikati ya duka la mazulia na kinyozi.

Mwenye duka aliitwa Cyrus, mzee wa Kimarekani mwenye kipara na vidude vya kusikilizia masikio yote mawili. Alikisoma kibali, akamtazama Serah kuanzia kilemba hadi buti.

"Umewahi kushika bastola, mama?"

"Hata ya maji."

"Mpe ile ndogo," Jeptoo alidakia, akionyesha kwenye kioo. "Ya kuingia kwa pochi. Tena ina rangi smati."

Mzee Cyrus akatikisa kichwa. "Ndogo ndiyo inayoruka mkononi kuliko zote. Watu wanaichagua kama hereni. Wiki ijayo wananirudishia, kiganja kimevimba."

Akatoa nyingine, nyeusi, pana, ile inayolishwa risasi kwa chini ya mpini. Akaifungua kuonyesha kwamba ni tupu, kisha akampa.

"Vuta hiki cha juu, nyuma kabisa, halafu uachie."

Serah akavuta. Mikono yake ile ambayo kila usiku inageuza wazee kumi na wawili, viungo vimevimba kwa kazi na baridi. Chuma kilirudi nusu, kikamchomoka, kikambana ngozi ya kidole.

"Woi!"

"Mama Valentina, imekuuma kabla haijamuuma mwizi!" Jeptoo alicheka mpaka akashika kaunta.

Mzee Cyrus hakucheka. "Hapa umetulia na bado imekushinda. Ukiwa na hofu itakuwaje? Hiyo hapana."

Akaingia nyuma ya duka. Akarudi na rivolva ya zamani, ya namba thelathini na nane, mtutu wake urefu wa kidole cha kati na zaidi kidogo. Mpini ulikuwa wa mbao, umesuguliwa na mkono wa mtu mwingine mpaka ukang'aa.

"Hii haina vitufe vya kukumbuka. Matundu sita, risasi sita. Unaelekeza, unavuta. Usipovuta, hailii."

Serah akaipokea. Ilikuwa nzito kama pasi. Ilikaa.

"Ilikuwa ya nani?"

"Mjane mmoja wa St. Paul. Amehamia kwa mwanawe."

"Aliitumia?"

"Miaka kumi na tisa kwenye droo. Hata siku moja."

"Basi," Serah alisema, "nipe hiyo."

Lakini mzee hakuifunga. Aliwapeleka nyuma, kwenye ukumbi wa kulengea shabaha, akawavisha vizibo vya masikio. Kule mwisho ilining'inia karatasi yenye umbo jeusi la mtu. Mtu yule hakuwa na uso.

"Kidole kinyooke pembeni," Mzee Cyrus alisema kwa sauti kubwa. "Hakigusi kifyatulio mpaka ujue mambo mawili. Ni nani huyo, na nyuma yake kuna nini. Risasi haisimami kwenye mlango wala kwenye ukuta wa fleti. Nyuma ya mlango wako kuna nini?"

"Korido. Halafu mlango wa mama mmoja kutoka Laos. Ana mtoto mchanga."

"Basi umkumbuke mtoto huyo."

Serah alivuta. Ngurumo ilimpiga kifuani. Risasi ya kwanza ilikwenda anakokujua Mungu. Ya pili ikachana pembe ya karatasi. Ya tatu ikaingia kwenye bega la yule mtu mweusi, na Serah akajisikia akisema, "Pole."

"Amesema nini?" Mzee Cyrus aliuliza.

"Ameiomba karatasi msamaha," Jeptoo alisema, akifuta machozi ya kicheko. "Kazini ndivyo alivyo. Akimgeuza mzee, pole. Akimchoma sindano, pole. Mama, huyu si mgonjwa!"

Mzee Cyrus alichukua bastola, akamimina maganda. Akauliza, bila kumtazama, "Huyo mtu wako aliingiaje?"

"Kwa ufunguo."

"Alipoona mnyororo akakimbia, akauacha mlango wazi?"

"Hapana. Aliufunga. Kwa ufunguo."

Mikono ya mzee ikasimama.

"Mama, nimeuza silaha miaka thelathini. Nimesikia habari za wezi wa kila aina. Sijasikia mwizi anayekufungia mlango asije akaingia mwizi."

Serah aligeuka kuitazama ile karatasi isiyo na uso.

"Ulimsikia akipanda ngazi? Akisema neno?"

"Nawasha feni nikilala."

"Izime. Kitu cha kwanza cha kulinda nyumba si hiki." Akaigonga rivolva. Kisha akagusa kile kidude sikioni. "Ni hili. Mimi langu nililimaliza ujana. Wewe lako bado zima."

* * *

Kwenye gari Jeptoo aliendesha amenyamaza, na Jeptoo kunyamaza ni jambo la kuandikwa kwenye kalenda.

"Nani ana funguo zako?" aliuliza hatimaye.

"Elkanah alichonga saba. Kila aliyeishi kwetu alipewa wake. Alikuwa anasema mtu akipiga hodi mara ya pili kwenye nyumba aliyokwisha kula, wenye nyumba wana kasoro. Sita zilirudi siku ya kumuaga. Waliziweka kando ya picha yake, mmoja mmoja."

"Na wa saba?"

"Wa Severin. Yule Mpare. Alirudi kwao Tanzania miaka miwili iliyopita, akaondoka nao mfukoni."

"Basi si yeye."

"Si yeye."

Jeptoo alimshusha mbele ya jengo, saa tisa kasoro. "Mimi naweka petroli hapo ng'ambo, naenda zangu. Ukiona kitu nipigie. Na usiache hiyo kitu kwa begi, iweke karibu."

Serah aliingia, akafunga mnyororo. Aliweka risasi sita kwenye matundu sita, akiomba kila moja ibaki palepale miaka kumi na tisa. Akailaza bastola kitandani, upande wa Elkanah, akaifunika kwa leso.

Miezi minane upande ule ulikuwa mtupu. Sasa kulikuwa na kitu kizito kimelala, kinaminya godoro kidogo. Serah alikitazama. Hiki ndicho alichojaliwa badala ya mume.

Akanyoosha mkono kuwasha feni. Akakumbuka. Akaiacha, akajilaza, akafumba macho.

Kimya kilikuwa kikubwa kuliko alivyokijua. Hita ikigonga. Mtoto wa Kilaos akilia na kunyamaza. Gari la kuondoa theluji mbali.

Halafu hatua. Kwenye ngazi.

Serah akafumbua macho.

Hatua zilikuja, zikasimama. Kitu kikakwaruza kitasa. Krr.

Alikuwa ameshainuka, leso imeanguka, mpini wa mbao umejaa kiganjani. Akasimama kwenye kikorido chake, mikono miwili mbele kama alivyofundishwa. Mlango ukafunguka. Mnyororo ukakaza. Vidole vitatu, vitupu, vimepauka, vikaingia.

Kidole cha Serah kikaacha kunyooka. Kikakikuta kifyatulio. Kilikuwa baridi.

*Ni nani. Na nyuma yake kuna nini.*

Mtoto. Kuna mtoto. Na ni nani, ni nani, ee Bwana, ni nani?

"Hodi!"

Serah aliacha kupumua.

"Hodi hapa! Hodi kwa Mzee Elkanah! Ni mgeni, jamani, msiogope."

Kiswahili. Kiswahili safi, cha mtu aliyekulia kwenye kanisa na shule. Sauti ilikuwa inatetemeka kwa baridi.

Kidole cha Serah kilitoka kwenye kifyatulio pole pole, kama kinatoka kwenye mdomo wa mnyama.

"Ngoja," alisema, na ni neno lile moja tu lililopatikana.

Alirudi chumbani, akailaza bastola kitandani, akaifunika. Hakuzitoa risasi; hakuwa na mikono ya kuzitoa. Akaja, akafungua mnyororo.

Mbele yake alisimama mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, na koti la mvua la kijivu na kofia ya sufu, masikio yamebabuka kwa baridi. Akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

Miezi minane hakuna aliyemwamkia pale mlangoni. Serah alishika fremu ya mlango. "Marahaba, baba. Wewe ni nani?"

"Naitwa Eliakim, mama. Mwalimu, natoka Same. Nina wiki tatu hapa, nasoma chuo kikuu cha mjini. Severin ni shemeji yangu. Siku ya kuniaga alinipa huu." Akanyoosha kiganja. Ufunguo wa saba. "Akasema, ukifika kule usiseme huna mtu. Una Mzee Elkanah."

"Ni wewe uliyekuja Alhamisi ile?"

Eliakim akainamisha kichwa. "Ni mimi. Niliita hodi mara tatu, nikaona kimya, nikajua mmepumzika. Nilipokuta mnyororo nikaona aibu, nimewashtua wazee usingizini. Nikafunga vizuri nikaondoka. Mama, nisamehe."

Serah alimkalisha kitini, kile kile cha kuegesha mlango. Alitaka kucheka, alitaka kulia, alitaka kwanza kuketi. Ilibaki nusu ya pumzi tu amuue mtu aliyemfungia mlango kwa adabu.

"Kwa nini usipige simu kwanza, mwanangu?"

"Nilipiga!" Eliakim alishangaa. "Nilipiga toka wiki ile ya kwanza, nikazungumza na mzee mwenyewe."

Hita ikagonga mara moja.

"Ulizungumza na nani?"

"Na Mzee Elkanah. Tena alinipokea vizuri sana. Akasema karibu, kama una ufunguo ingia ndani, usisimame mlangoni, chakula kiko jikoni. Nikamwambia asante mzee, nashukuru. Yeye akanyamaza. Jumanne hii nikampigia tena kumwomba radhi, akanikaribisha tena, maneno yale yale." Eliakim akatabasamu. "Nikasema, huyu ni mtu wa msimamo."

Serah alimtazama mtu huyu aliyetoka mbali, ambaye kwa wiki tatu nzima, katika nchi hii yote, alikuwa na mwenyeji mmoja tu. Na mwenyeji mwenyewe ni utepe kwenye mashine.

"Eliakim," alianza, "mwanangu. Kuna jambo."

Simu ikalia chumbani.

Mara moja. Serah hakuweza kuinuka. Mara mbili. Mara tatu. Mara nne. Tak.

"Karibu!" Sauti nene, yenye kicheko ndani yake, ikatoka chumbani. "Ni Elkanah. Kama una ufunguo ingia ndani, usisimame mlangoni. Chakula kiko jikoni."

Uso wa Eliakim ukawaka. "Kumbe yupo!"

Alisimama wima. Akanyoosha koti lake. Hakuingia, maana alilelewa vizuri na chumba cha wenye nyumba hakiingiliwi. Alikwenda mpaka kizingitini tu, akainama, kofia kifuani, macho chini.

"Shikamoo, mzee!"

Na akangoja.

Serah, ambaye alimvisha mumewe suti kwa mikono yake, ambaye aliona jeneza likishuka, alijikuta naye ameinua kichwa. Anangoja. Moyo wake wote ulikuwa umesimama kwenye kile kizingiti, unangoja marahaba.

Mashine ikapiga mlio wake.

"Mama Valentina!" Ilikuwa sauti ya Jeptoo, juu kabisa, na honi za magari nyuma yake. "Kama unanisikia, usitoke chumbani! Niko hapa kituo cha petroli. Nimemwona! Koti la kijivu, ameingia kwenu sasa hivi! Nimeshawaita polisi, wako karibu. Nimewaambia ana ufunguo, na nimewaambia kuna bastola ndani! Mama, shika hiyo kitu, usiiachie!"

Tak. Kimya.

Eliakim aliinua macho. Aliona kitanda kisicho na mtu. Aliona mashine ndogo inayopepesa taa nyekundu. Aliona leso, na mpini wa mbao umechungulia pembeni yake.

Akageuka taratibu, kofia bado kifuani.

"Mama," aliuliza, "Mzee yuko wapi?"

Na chini, kwenye maegesho, milango miwili ya gari ilifungwa kwa pamoja, na viatu vizito vikaanza kupanda ngazi.